Ukitoka Dodoma kwenda kutazama nyumba za kale Bagamoyo

Watu wa huku bara tukifika Bagamoyo tunapiga picha mbele ya Boma la Wajerumani, tunakula samaki, tunageuza. Ushauri wangu: lala huko usiku mmoja, asubuhi uzunguke Mji Mkongwe kabla jua halijawa kali.

Ukiingia ndani, anza na dari. Nyumba za kale za pwani zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na dari ikabebwa na boriti za mikoko. Boriti hizo si ndefu, ndiyo maana vyumba ni vyembamba, mita tatu hivi, hata kama mwenye nyumba alikuwa tajiri. Wajerumani walipokuja na mihimili ya chuma wakaweza kupanua vyumba. Ila chuma na hewa ya chumvi havipatani: kinashika kutu, kinavimba, kinapasua kilichokizunguka.

Halafu tazama plasta. Ilipobanduka utaona jiwe lenye vitundu kama sega la nyuki. Ukuta huo hunyonya unyevu na kuutoa wenyewe. Ukizibwa kwa saruji, unyevu hukwama ndani na jiwe huanza kumeguka. Mafundi wetu wanaoamini saruji ni dawa ya kila ukuta wangefaidika sana na safari hii.

Nyumba nyingine zina watu, kwa hiyo piga hodi, waamkie wazee wa barazani, na simu ikae mfukoni mpaka uruhusiwe. Bibi mmoja aliposikia natoka Dodoma aliniuliza kwanza habari za mvua, ndipo akanikaribisha ukumbini nione boriti zake.

Kiingilio cha mambo ya kale lipa ofisini na udai risiti. Chukua mwongozaji, lakini usikubali akumalizie muda wote kwa Wajerumani, ambao makao yao makuu yalikuwa hapo hadi 1891. Muulize habari za wapagazi. Misafara ya Bagamoyo ilipita Mpwapwa, ikakatiza Ugogo ikielekea Tabora na Ujiji, na watemi wetu waliitoza hongo, yaani ushuru wa njia, kabla ya kuiruhusu kupita. Historia hiyo ni yetu pia, tena waongozaji huichangamkia ukiwauliza.

Usafiri siku hizi ni rahisi: treni ya SGR mpaka Dar, kisha basi, kilomita sabini na kitu. Tiketi ya kurudi kata mapema, hasa kama unarudi Jumapili.