Anapoanguka Mchezaji Ndani ya Eneo la Hatari: Nasaha kwa Marefa Wapya wa Malindi

Miongoni mwa maswali ambayo marefa wapya huniuliza wanapomaliza kozi na kupangiwa mechi zao za kwanza hapa Malindi, hakuna linalorudi mara nyingi kama hili: nitajuaje kama mchezaji amechezewa rafu au amejiangusha? Ni swali zuri, lakini lina upungufu ambao ningependa kuanza nao, kwa kuwa linamfanya refa aamini kwamba kila anguko lina majibu mawili tu, penalti au kadi ya njano. Kwa uzoefu wangu, maanguko mengi katika mechi zetu si hili wala lile. Mchezaji ameteleza, au miguu imepishana bila yeyote kukosea, au ameguswa kidogo akaona heri aanguke kuliko kuendelea, na katika hali zote hizo mpira unapaswa kuchezwa. Refa anayeweza kulitazama anguko, akakataa kupuliza kipenga, kisha asimguse mchezaji kwa kadi, huyo ameshaielewa nusu ya kazi.

Sheria ya 12 ya soka, ile inayohusu rafu na utovu wa nidhamu, inasema wazi kwamba mchezaji anayejaribu kumdanganya refa, ama kwa kujifanya ameumia ama kwa kujifanya amechezewa rafu, anastahili kuonywa kwa kadi ya njano. Ukisimamisha mchezo kwa sababu hiyo, timu pinzani hupewa mpira wa adhabu usio wa moja kwa moja, unaopigwa pale kosa lilipotokea. Someni maneno hayo polepole, kwa maana kiini chake ni kujaribu kudanganya. Kuanguka peke yake si kosa, na kuanguka bila kuguswa pia si kosa. Ninasisitiza hili la pili kwa sababu mashabiki wa pembeni hulipinga kila wiki. Sheria hiyo hiyo inaadhibu kumpiga ngware mpinzani au kujaribu kumpiga ngware, kumpiga teke au kujaribu kumpiga teke, na kumrukia. Beki anapoingia kwa miguu yote miwili na mshambulizi akaruka juu kuokoa vifundo vyake, kisha akapoteza mizani na kuanguka, hakuguswa hata kidogo, na bado rafu ni ya beki. Ukimpa mshambulizi huyo kadi ya njano kwa hoja kwamba hapakuwa na mguso, utakuwa umemwadhibu aliyenusurika kuvunjika mguu.

Basi mnatazama nini? Watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Portsmouth nchini Uingereza, Paul Morris na David Lewis, walilichunguza jambo hili kwa kutumia picha za video za wachezaji wakikabiliwa, na ishara walizozitaja zinalingana sana na yale ninayoyaona uwanjani. Ya kwanza ni wakati: aliyeangushwa kweli huanguka pale pale anapoguswa, ilhali anayeigiza mara nyingi hupiga hatua moja au mbili zilizo timamu kabla ya miguu yake kukumbuka kulegea. Ya pili ni nguvu na upande: mwili uliosukumwa kutoka kushoto hauendi kushoto, na mguso mwepesi haumbiringishi mtu mara tatu. Ya tatu ni mahali: aliyekanyagwa kidole cha mguu hashiki goti, sembuse uso. Ya nne, ambayo ndiyo mashuhuri zaidi, ni umbo ambalo watafiti hao walilifananisha na upinde wa mpiga mishale, yaani mikono yote miwili juu na viganja wazi, kifua mbele, kichwa nyuma, na miguu imekunjwa magotini. Umbo hilo haliji lenyewe kwa mtu anayeanguka. Maumbile humfanya binadamu ashushe mikono ili ajikinge na ardhi, au aitandaze kando ili atafute mizani.

Ishara hizo hata hivyo ni msaada, na hazitoshi kuwa ushahidi zikiwa pekee. Nimewaona vijana waliopigwa teke la kweli wakainua mikono kwa sababu tu wamezoea kudai, kama walivyowaona wachezaji wa Ligi Kuu ya Uingereza wakidai katika vibanda vya kutazamia mpira siku ya Jumamosi. Jitahidini kuziona ishara mbili au tatu kwa pamoja, na zaidi ya yote muuone mguso wenyewe au ukosefu wake. Hapa ndipo ninapotaka kukaa kidogo, kwa sababu marefa wapya hudhani kwamba kujiangusha ni suala la kumsoma mchezaji moyo, nami naamini ni suala la mahali ulipokuwa umesimama.

Ukimfuata mshambulizi kwa nyuma, unachokiona ni mgongo wake. Mguu wa beki umefichwa na mwili, mpira umefichwa na miguu, na kilichobaki ni kukisia. Jiwekeni ubavuni, mahali ambapo nafasi kati ya wachezaji wawili inaonekana, na ikiwa nafasi hiyo inazibika, sogeeni hatua mbili kulia au kushoto badala ya kukimbilia mbele. Mwendo wa kukatiza uwanja kimshazari tuliofundishwa ni mwongozo mzuri, lakini shambulizi linapoelekea kwenye eneo la hatari kutoka pembeni, uacheni mstari huo mwingie ndani mapema, kabla krosi haijapigwa. Umbali wa mita 10 hadi 15 hutosha. Ukiwa karibu mno unaona miguu tu bila kuona mwili ulivyokwenda, na ukiwa mbali hakuna atakayekuamini hata ukiwa sahihi. Katika uwanja wa Alaskan, na zaidi katika viwanja vya mchanga vya mitaani kama Muyeye na Maweni, kuna jambo jingine ambalo vitabu havilitaji: vumbi. Wachezaji wawili wakikabiliana katika msimu wa kiangazi, vumbi hupanda mara tu miguu inapogusa ardhi, na refa aliyechelewa kufika huona wingu na mtu aliyelala. Jua la saa kumi na moja nalo humsumbua anayetazama magharibi. Kagueni uwanja kabla ya mechi, mwamue mtatumia mshazari upi kipindi cha pili jua likiwa limeshuka, na mwaambie washika vibendera.

Kuhusu washika vibendera, mara nyingi katika mechi ndogo wao hutolewa na timu zenyewe. Waheshimuni, waombeni wawaonyeshe mpira uliotoka nje, wala msiwabebeshe uamuzi wa kujiangusha, kwa maana mnawaweka katika hali isiyo ya haki mbele ya majirani zao. Mkiwa na wasaidizi waliofunzwa, mambo ni tofauti. Kubalianeni mapema ishara atakayoitoa yule aliye karibu na kona ikiwa ameona rafu ambayo ninyi hamkuiona.

Nimesema kwamba kuna jibu la tatu, na ninataka mlione kwa mfano wa juu kabisa. Tarehe 22 Juni 2018, mjini St Petersburg, Brazil ilikuwa ikicheza na Costa Rica katika Kombe la Dunia, na refa Björn Kuipers wa Uholanzi akatoa penalti baada ya Neymar kuanguka alipoguswa na Giancarlo González. Kwa msaada wa waamuzi wa video, Kuipers alikwenda kwenye runinga ya pembeni, akaitazama picha, akaifuta penalti. Hakumpa Neymar kadi kwa anguko lile. Wengi walilalamika, nami naona alifanya sawasawa: mkono ulimgusa mchezaji, mguso ulikuwa mdogo mno kuwa rafu, na anguko lilikuwa kubwa kuliko mguso. Hilo ni eneo ambalo refa husema hapana kwa penalti bila kumtuhumu mtu udanganyifu. Sisi hatuna runinga ya pembeni, kwa hiyo eneo hilo kwetu linapaswa kuwa pana zaidi.

Kadi ya kujiangusha itoeni mkiwa na hakika. Kwa penalti mnahitaji kuona rafu, na kwa kadi hii mnahitaji kuona hila. Asamoah Gyan wa Ghana alitolewa nje dhidi ya Brazil tarehe 27 Juni 2006 mjini Dortmund kwa kadi ya pili ya njano iliyotokana na kujiangusha. Francesco Totti wa Italia alitolewa vivyo hivyo dhidi ya Korea Kusini tarehe 18 Juni 2002, katika muda wa ziada, na uamuzi huo ungali unabishaniwa hadi leo. Siwatajii haya ili muogope kadi ya pili. Mkiona hila dhahiri, toeni kadi hata kama mchezaji tayari ana moja, kwa kuwa kumsamehe ni kuiibia timu nyingine. Lakini msitoe kadi hiyo kwa hasira, wala kwa sababu umati umepiga kelele, wala kwa sababu mchezaji huyo ana sifa mbaya.

Suala la sifa linanigusa sana, kwa sababu Malindi ni mji ambao watu wanajuana. Mtaambiwa kabla ya mechi kwamba fulani wa timu fulani ni mwongo, na maneno hayo yatakaa kichwani. Kumbukeni Arjen Robben tarehe 29 Juni 2014 mjini Fortaleza, Uholanzi dhidi ya Mexico. Baada ya mechi alikiri mwenyewe kwamba alijiangusha katika kipindi cha kwanza, lakini akashikilia kwamba penalti ya dakika za nyongeza, ambayo Klaas-Jan Huntelaar aliifunga na kuipa Uholanzi ushindi wa 2-1, ilitokana na mguso wa kweli wa Rafael Márquez. Mchezaji mmoja, mechi moja, maanguko mawili yasiyofanana. Kila anguko lihukumiwe kwa yaliyoonekana ndani yake.

Kujifanya umeumia ni tawi jingine la kosa hili, na lina uzito wake kwa sababu linaweza kumtoa uwanjani mtu asiye na hatia. Tarehe 3 Juni 2002 mjini Ulsan, Hakan Ünsal wa Uturuki alimpigia mpira Rivaldo wa Brazil aliyekuwa akisubiri kupiga kona. Mpira ulimpiga mguuni, naye akashika uso na kuanguka. Ünsal alionyeshwa kadi ya pili ya njano akatoka. FIFA ilimtoza Rivaldo faini baadaye, lakini mechi ilikuwa imeshakwisha. Mpira ukiwa umesimama, msitazame chini wala msiandike kwenye daftari huku mmewapa wachezaji mgongo. Upande wa pili, refa si daktari. Jeraha la kichwa husimamisha mchezo mara moja, bila kukisia, na mchezaji anayetibiwa uwanjani hutoka nje kabla ya mchezo kuendelea, isipokuwa katika hali zilizotajwa na sheria, kama vile kipa, au mchezaji ambaye aliyemwumiza amepewa kadi. Utaratibu huo ukifuatwa kwa wote, wanaolala chini kupoteza muda hupungua wenyewe.

Huenda pia mkakutana na mchezaji atakayewaambia ukweli. Robbie Fowler wa Liverpool alimwambia refa kwamba kipa wa Arsenal, David Seaman, hakumchezea rafu, mwezi Machi 1997, lakini penalti ikabaki palepale. Aaron Hunt wa Werder Bremen alifanya vivyo hivyo dhidi ya Nürnberg mwezi Machi 2014, na penalti yake ikafutwa. Sheria ya 5 inaruhusu refa kubadili uamuzi maadamu mchezo haujaanza tena. Kijana akija kwenu akasema hakuguswa, msikilizeni, mshukuruni mbele ya wenzake, mfute uamuzi bila kuona haya. Wachezaji wengine wakiwazingira kubisha, iteni nahodha peke yake mmweleze kwa sentensi moja mlichokiona, kama UEFA, shirikisho la soka la Ulaya, ilivyowaagiza waamuzi katika Euro 2024.

Mwisho kuna ripoti. Uingereza, tangu msimu wa 2017/18, mchezaji aliyefaulu kumdanganya refa huweza kufungiwa mechi mbili baada ya picha kutazamwa na jopo, na Oumar Niasse wa Everton alikuwa wa kwanza katika Ligi Kuu kuadhibiwa hivyo. Ligi zetu za mtaani hazina picha za kutazama, kwa hiyo maandishi yenu ndiyo ushahidi pekee ambao kamati ya nidhamu itakuwa nao. Msiandike kwamba mchezaji ni mwongo au kwamba ana tabia mbaya. Andikeni dakika, mahali palipotokea tukio, umbali mliokuwa mmesimama, beki alifanya nini, mguu wake ulifika wapi, mshambulizi alipiga hatua ngapi kabla ya kuanguka, na mchezo ulianzishwaje tena. Iandikeni usiku ule ule, kabla hamjazungumza na kocha yeyote, na mbaki na nakala.