Je, upasuaji wa macho yaliyotoka huleta kuona viwili viwili?

Swali: Shikamoo daktari. Mimi ni fundi cherehani, umri miaka 41. Nilitibiwa tezi ya thairoidi kwa vidonge na damu sasa ni mwaka mzima iko sawa, ila macho yamebaki yametoka. Wateja hudhani nawakodolea. Nasikia kuna upasuaji wa kuyarudisha, lakini jirani ananitisha kwamba ukifanyiwa unaanza kuona kila kitu kiwili. Ni kweli?

Jibu: Marahaba, mama. Jirani hajakosea, ila amezichanganya operesheni ambazo hatari zake hazilingani.

Kwanza simama mbele ya kioo, tazama mbele. Je, weupe unaonekana juu ya mboni? Ugonjwa huu huvuta kope la juu, na jicho likionekana lote hudhaniwa limetoka kuliko lilivyotoka. Kama shida kubwa ni kope, kulishusha kunaweza kutosha, na operesheni hiyo haigusi misuli inayozungusha jicho.

Kama jicho lenyewe limesukumwa, hapo ndipo jirani ana hoja. Mafuta na misuli nyuma yake imevimba, na tundu la mfupa halitanuki. Mpasuaji huongeza nafasi kwa kupunguza mafuta, au kwa kutoa sehemu ya ukuta wa mfupa. Mafuta peke yake, au ukuta mmoja, kwa kawaida hurudisha jicho milimita 2 hadi 3. Kuta tatu zinaweza kufika 6 na zaidi, na kadiri unavyotaka lirudi sana ndivyo hatari inavyopanda.

Ukuta upi unafunguliwa ni jambo zito pia. Ule wa upande wa pua ni mwembamba kama karatasi, na nyuma yake kuna uwazi wa sainasi, yaani chemba ya hewa kandokando ya pua. Ukitolewa, msuli unaovuta jicho kuelekea puani huzama humo, jicho linageukia ndani, picha za macho mawili hazikutani tena. Sakafu ikitolewa jicho linaweza kushuka, na shavu kufa ganzi. Ukuta wa upande wa sikio ni mnene na humtoa mpasuaji jasho, lakini huisumbua misuli kidogo zaidi. Kwa mtu ambaye bado anaona kimoja, mimi ningependa waanzie huo, pamoja na mafuta. Wengine hufungua upande wa sikio na wa pua kwa pamoja ili jicho lisivutwe kwenda upande mmoja.

Aliye hatarini zaidi ni yule ambaye misuli yake imeshakakamaa. Jipime: shika chaki yako ya kuchorea kitambaa mbele ya uso, kichwa kisitikisike, uifuate kwa macho juu, chini, kulia na kushoto. Ikigeuka mbili mahali fulani, mwambie daktari ni wapi. Anayeona viwili akitazama juu tu anaweza kuishi nayo. Wewe unayeinamia sindano kutwa huwezi kuipoteza sehemu ya chini.

Ikitokea baada ya upasuaji, wakati mwingine hupungua yenyewe baada ya miezi. Wakati huo utasaidiwa na miwani ya prizimu, yaani yenye kioo kinachopinda mwanga ili picha mbili zikutane, na isipotosha, misuli hupasuliwa na kupangwa upya. Kope huja mwisho, kwa sababu kugusa misuli hubadilisha mkao wake. Usikubali mpangilio wa kinyume.

Ugonjwa wa macho nao uwe umetulia angalau miezi 6 kabla ya kisu. Damu kuwa sawa peke yake haitoshi. Kama unavuta sigara, acha leo. Na kama ni jicho moja tu lililotoka, lipigwe picha ya CT kwanza, kwani si kila jicho lililotoka ni thairoidi.

Kungoja huko kuna mpaka. Ukifunika jicho moja, uzi mwekundu ukaonekana umechujuka kwa lile jingine, mshipa wa fahamu wa jicho huenda unabanwa. Nenda hospitali siku hiyohiyo.