Mkono ulipona, paja ndilo lililonitesa

Karai la maandazi lilinipindukia mkono wa kushoto alfajiri moja. Jirani akaja mbio na dawa ya meno, mwingine na ute wa yai. Nikapaka vyote, badala ya kuuweka mkono chini ya bomba dakika ishirini. Wiki ya nne kiwiko bado kinatoa usaha, mtaani naambiwa hilo donda ndugu, nitafute mganga. Hospitali nilifika mwezi wa tatu tangu niungue.

Usichelewe kama mimi. Kidonda cha moto kikipita wiki tatu hakijafunga, kauliza habari ya kupandikiza ngozi. Kikijifunga chenyewe baada ya hapo, mara nyingi kovu huvuta kiungo.

Nilidhani ngozi ni ya mtu mwingine. Kumbe ni yako: wanaiparua pajani, nyembamba kama karatasi, wakaitoboa matundu kama wavu ili itanuke na majimaji yasituame chini yake. Nilipozinduka kwenye nusu kaputi, mkono umetulia, paja linawaka kana kwamba nimeburuzwa kwenye lami. Hakuna aliyenionya! Lilikauka baada ya wiki mbili. Dawa ya maumivu ombeni bila aibu.

Mkono nao ulifungiwa kibao usitikisike. Ngozi iliyopandikizwa inakuja bila mishipa ya damu ya kuilisha. Siku mbili za mwanzo inaishi kwa kunyonya majimaji ya kidonda, ndipo vimishipa vinaota. Ikisogea, inakufa. Siku ya tano nesi akafungua bandeji, akabonyeza kwa kidole, akakaa kimya. Mie roho juu. Palikuwa pekundu hafifu, kama ufizi wa mtoto. "Imeshika, dada."

Wengi mnaniuliza kuhusu kubandika ngozi ya samaki sato kwenye kidonda cha moto. Ni kweli, madaktari wa Fortaleza, Brazil, wanaitumia, ila inasafishwa kwanza maabara, na kazi yake ni kufunika kidonda kinapopona, haioti mwilini. Tafadhali, sato wa soko la Feri mleni tu.

Baada ya hapo ni mazoezi ya kunyoosha, kila siku, hata ukichoka. Niliyaacha wiki tatu kwa uvivu, kiwiko kikaanza kukunja. Muwasho wa usiku utakuja. Paka vazelini mara kwa mara, maana ngozi hiyo hukauka, na ifunike juani. Leo naifikia kamba ya kuanikia nguo. Karai la mafuta bado namwachia mdogo wangu alitegue.