Maswali ya Wasomaji: Nani anavuna kwenye vita vya Kivu?

SWALI: Ndugu Mhariri, tunaambiwa waasi mashariki mwa Kongo wanapigania madini, lakini hatusikii kwamba wanachimba. Pesa wanaipataje? Na kwa nini serikali isiyafunge tu machimbo? – Msomaji, Kigoma.

JIBU: Ndugu msomaji, hawana haja ya kushika sururu. Aliyeshika barabara ndiye anayekula.

Tazama Rubaya, wilayani Masisi, kunakotoka takriban asilimia 15 ya koltani yote duniani, madini yanayotumika kutengenezea vifaa vya simu na kompyuta. Waasi wa kundi la M23 waliiteka mwishoni mwa Aprili 2024. Wanaoingia mashimoni ni raia walewale, kwa koleo na tochi, na mvua ikizidi kuta huwaporomokea. Kundi likaweka ushuru. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa walieleza kuwa ni dola 7 kwa kila kilo ya koltani. Gunia la kilo 50 linalipiwa dola 350 kabla halijaondoka. Wataalamu haohao walikadiria tani 120 kwa mwezi zikivushwa kwenda Rwanda. Zidisha mwenyewe, utapata dola 840,000. Hata barabara ya kupitishia mzigo ilipanuliwa kwa salongo: wanakijiji wakafanyishwa kazi bila malipo.

Chanzo cha mzigo huo hufichwa ng'ambo ya mpaka. Koltani ya Rubaya ikichanganywa na ya Rwanda, kisha gunia likafungwa lebo ya kuonyesha mzigo ulikotoka, mnunuzi wa mbali haoni tena tofauti. Kigali inakanusha kunufaika, lakini wataalamu wameueleza mchanganyiko huo kwa kirefu.

Wakati huohuo, Goma ilipotekwa Januari 2025, benki zilifungwa. Mwalimu mwenye mshahara kwenye akaunti akabaki hana hata nauli. Hiyo ndiyo dhuluma inayotuuma zaidi.

Kufunga machimbo kulishajaribiwa. Septemba 2010 Rais Joseph Kabila alisimamisha uchimbaji Kivu Kaskazini, Kivu Kusini na Maniema hadi Machi 2011. Familia zilikosa karo na chakula, magendo yakaendelea usiku, tena baadhi ya wanajeshi wakiwa ndani ya biashara hiyo.

Pa kubana ni kwenye mizani. Linganisha kilo ambazo kila mgodi uliosajiliwa unaweza kutoa na kilo zinazouzwa nje kwa jina lake. Mgodi mdogo ukianza ghafla kuuza mara tatu ya kawaida yake bila wachimbaji wapya wala mashimo mapya, mzigo huo umetoka kwingine, na mnunuzi asiulipie.