Saida ya shambani Uingereza: ukifika Somerset usiinywe kama bia

Wabongo na Wakenya wengi wanaohamia huku Uingereza saida (cider, pombe ya matufaha) wanaijua kutoka baa za nyumbani, ile ya chupa ya Afrika Kusini, ina gesi, inaletwa ya baridi na kipande cha limau kimechomekwa mdomoni mwa chupa. Halafu siku wafanyakazi wenzao wanawapeleka kwenye shamba fulani Somerset au Herefordshire, huku magharibi mwa Uingereza, wanapewa glasi ya kitu cha rangi ya dhahabu iliyokolea, hakina gesi, hakijatoka kwenye friji, kinakausha ulimi mpaka kwenye fizi, wanaiweka chini wanasema hii imeharibika jamani. Haijaharibika. Ndio yenyewe hiyo, na ukiipa nafasi kidogo utaona zile za supamaketi unazipita tu bila hata kugeuka.

Mi naishi Bristol na kila ikifika mwezi wa 10 naenda kusaidia kukamua kwenye shamba la mzee mmoja upande wa Taunton, mji wa Somerset, kwa hiyo haya ninayowaambia ni ya kuona na kushika.

Cha kwanza uelewe tunda, maana saida ni tunda, mengine yote yanafuata. Matufaha ya saida sio yale ya kula. Ukiling'ata tufaha la saida linaloitwa Dabinett utaona lina utamu kabisa, halafu sekunde mbili baadaye ukakasi unakushika mdomo mzima, na huo ukakasi ndio unaoipa saida ya shambani mwili wake. Hapo Long Ashton, nje kidogo ya Bristol, kulikuwa na kituo cha utafiti kilichoanzishwa 1903 kwa ajili ya matunda na saida tu (Ribena tuliyokunywa utotoni imetokea hapohapo, wengi hawajui), na wao ndio waliyagawa matufaha ya saida makundi manne: matamu, makali (yaani machachu), yenye ukakasi na utamu, na yenye ukakasi na ukali. Saida nyingi ni mchanganyiko wa hayo makundi. Ila kuna Kingston Black, jina lake limetoka kijiji cha Kingston St Mary hapo karibu na Taunton, hilo lina utamu, ukali na ukakasi vyote ndani ya tunda moja, ndio maana utakuta watu wanatengeneza saida ya Kingston Black peke yake. Ukiiona shambani ionje hata kama mfukoni pamekauka. Dabinett nalo lilikutwa limejiotea tu kwenye ua wa miti, kijiji cha Middle Lambrook, na leo limepandwa mashamba kwa mashamba.

Na hapa nitasema wazi kinachoniuma. Sheria ya Uingereza inaruhusu kitu kuitwa saida ikiwa na juisi ya tufaha asilimia 35 tu. Yaani zaidi ya nusu inaweza kuwa maji na sukari, na hiyo juisi yenyewe inaruhusiwa iwe ile iliyokaushwa ikawa kama asali halafu ikarudishiwa maji. Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji, basi huku maji yenyewe yameruhusiwa na sheria. Kwa hiyo ukinunua chupa soma karatasi yake, tafuta palipoandikwa juisi asilimia 100, tena ya kukamua, kama hawajaandika kitu maana yake hawana la kujisifia.

Shambani mambo ni tofauti. Matufaha yanaachwa yadondoke yenyewe au yanatikiswa kwa mti mrefu, yanakusanywa yanakaa chungu nzima wiki kadhaa yaive vizuri, wanga ugeuke sukari, ukibonyeza kwa dole gumba linaingia. Hapo ndio yanaoshwa yanasagwa. Kinachotoka ni machicha ya kahawia, yamelowa, yananukia mpaka nyigu wanajaa banda zima. Sasa kwenye mashine ya zamani ya kukamulia mzee anatandika nyasi kavu za ngano ncha zikiwa zimetokeza nje, tunamwaga machicha kimo cha kiganja, tunazikunja ncha kwa ndani, tunatandika nyasi nyingine zikiwa zimekatiza zile za chini, machicha tena, hivohivo mpaka unasimama mnara ambao wenyewe wanauita jibini. Usifanye haraka hapo, mnara ukiegemea upande mmoja utapasuka ukianza kubanwa. Na kitu ninachokipenda kuliko vyote, kabla hata hujagusa parafujo ya kubania juisi inaanza kuchuruzika yenyewe, uzito wa mnara tu unatosha, na juisi hiyo ya mwanzo ukiikinga na glasi ukanywa palepale utanielewa kwa nini watu wazima wanaamka saa 11 alfajiri kwenye baridi kwa ajili ya kazi hii. Baadaye kingo zinakatwa kwa kisu kikubwa, vipande vinarudishwa juu, inabanwa tena. Machicha yakishakauka wanapewa ng'ombe na nguruwe. Siku hizi wengi wanatumia vitambaa badala ya nyasi, ni rahisi kusafisha, sina tatizo nalo.

Juisi inaingia kwenye mapipa ya mwaloni na hapo mzee haweki hamira hata kidogo. Ni kama mnazi tu, nani aliwahi kuona mgema anatia hamira kwenye kibuyu, hamira iko kwenye maganda, kwenye mashine, kwenye mbao zenyewe. Tofauti ni kasi. Mnazi wa asubuhi jioni umeshakuwa mwingine, lakini huku ni baridi, saida inachachuka polepole kipindi chote cha majira ya baridi, povu la kahawia linatoka mdomoni mwa pipa, linafutwa, pipa linaongezwa juisi mpaka juu, likitulia linazibwa. Kukipata joto mwezi wa 4 na wa 5 wakati miti inatoa maua, bakteria wanaigeuza ile asidi kali ya tufaha kuwa asidi laini, ile ya kwenye mtindi, saida inapoa ukali inakuwa na ladha ya mviringo. Ndio maana nakwambia usiende kuonja mwezi wa 1 ukatoa hukumu, nenda kuanzia mwezi wa 5 na kuendelea.

Sasa ukienda. Mashamba mengi ni madogo, kwa miaka mingi mtengenezaji wa chini ya lita 7,000 kwa mwaka alikuwa halipi ushuru, hivyo wengi wamebaki hapohapo chini ya kiwango, banda moja na mapipa machache. Piga simu kwanza. Mabasi ya vijijini ni ya kubahatisha kwa hiyo panga nani ataendesha, na huyo asinywe. Utakuta mapipa mawili yanayokuhusu, la saida kavu, yaani sukari yote imeisha, na la tamu. Usiwe mjanja ukarukia kavu moja kwa moja, wala usikimbilie tamu ukaishia hapo. Mwambie akuchanganyie nusu kwa nusu, wenyeji wengi wanakunywa hivohivo, halafu kila glasi unapunguza tamu kidogo mpaka ulimi uzoee ukakasi. Kunywa nusu painti, sio painti (painti ni zaidi kidogo ya nusu lita). Saida ya shambani mara nyingi ni asilimia 6 au 7, haina gesi ya kukujaza tumbo, inateleza tu, haikugongi kichwani ukiwa umekaa, unakuja kugundua pale unaposimama kutafuta choo. Bristol kuna baa inaitwa Coronation Tap, saida yao kali inauzwa kwa nusu painti tu, hata uombeje painti hupati, na ni utaratibu wa busara sana. Barafu usiitie, baridi inaua ladha inabakiza ukakasi peke yake.

Kuna wanaoamini kwamba saida ikiwa na vumbivumbi na ikikuchoma koo ndio ya asili zaidi. Si kweli na naomba mtu asikudanganye. Uchachu wa tunda unauhisi pembeni mwa ulimi, mate yanatoka, unataka kuonja tena. Uchachu wa siki unaanza puani kabla hujanywa, halafu unachoma koo. Ukinusa siki, pipa hilo limeingiwa na hewa, rudisha glasi kwa adabu, mwambie mzee hili sio kwangu naomba la pili, hakuna atakayekasirika, anayeijua kazi yake anajua mapipa yake. Saida njema ya shambani inaweza kuwa angavu kabisa au na ukungu kidogo, rangi haikuambii kitu.

Ukitaka kutengeneza mwenyewe inawezekana hata kwenye fleti. Kuanzia mwezi wa 9 majirani wanaweka maboksi ya matufaha nje ya geti wameandika jichukulie, mengi yatakuwa Bramley ya kupikia ambayo ni makali, changanya na ya kula yenye utamu, na kama huna ya ukakasi kuna watu wanaongeza kikombe cha chai ya rangi iliyokolea, na kweli inasaidia. Lililobonyea tumia, lililooza tupa, uozo unaharibu ladha na una sumu ya ukungu. Kilo 10 ukikamua kwa kifaa kidogo cha nyumbani utapata kama lita 5. Weka kwenye chupa kubwa ya kioo au dumu la plastiki la chakula lenye kile kifuniko cha maji kinachotoa gesi bila kuingiza hewa, mahali pa ubaridi, uiache miezi. Nunua kile kipimo cha sukari cha kuelea, ni bei ndogo, juisi ikianza 1.050 na ikaishia 1.000 umepata kama asilimia 6 na nusu. Usifunge kwenye chupa za kioo kabla haijafika hapo maana sukari iliyobaki itaendelea kuchachuka na chupa zitapasuka, na vioo hivyo vinaruka kweli.

Halafu vyombo. Juisi ya tufaha ina asidi, inakula madini. Chuma cha kawaida kitaifanya nyeusi. Shaba na bati usiguse. Na risasi, yaani yale madini, iliwahi kuumiza watu wengi sana Devon, jirani na Somerset, walikuwa wanaugua matumbo makali mpaka wengine wanapooza mikono, mwaka 1767 daktari George Baker akaonyesha kwamba ni risasi iliyotumika kwenye mashine za kukamulia saida. Kwa hiyo mitungi ya udongo ya kizamani unayoiona mizuri kwenye maduka ya vitu vya kale, ambayo rangi yake ya kung'aa inaweza kuwa na risasi, iweke sebuleni iwe pambo tu. Sio jambo la kuchukulia poa hili, hasa ukikumbuka kwamba vibarua wa mashamba walikuwa wanapewa saida kama sehemu ya mshahara, galoni kwa galoni, mpaka sheria ya 1887 ilipopiga marufuku. Maskini ndio walioinywa kwa wingi.

Ya kula nayo ni jibini. Kijiji cha Cheddar kiko Somerset hukohuko, kipande cha Cheddar iliyokomaa, mkate mgumu, kitunguu cha siki, basi, mafuta ya jibini yanafuta ukakasi na ukakasi unafuta mafuta, unaendelea hivo mpaka sahani inaisha. Kuku aliyepikwa na saida na krimu pia ni mtamu sana, ila tumia ile kavu.

Na ukiweza nenda mwezi wa 1 tarehe 17 kijiji cha Carhampton, Somerset, au vijiji vingine vya jirani, wakati wanaiimbia miti ya matufaha. Watu wanaizunguka miti usiku, wanamwaga saida kwenye mizizi, wanatundika mkate uliochovywa saida kwenye matawi kwa ajili ya ndege, wanapiga bunduki hewani kufukuza mabaya ili mwaka ujao uzae. Tarehe hiyo ni ya ile sikukuu ya zamani ya usiku wa kumi na mbili wa Krismasi, kabla kalenda haijabadilishwa 1752, wao hawakuihamisha. Vaa buti za mpira, shamba linakuwa tope tupu, na watoto wapelekee masufuria ya kugonga, kelele ndio sherehe yenyewe.

Kwa wasiokunywa pombe, na najua ni wengi, msibaki nyumbani. Mashamba mengi yanauza juisi waliyoikamua wenyewe, na kipindi cha mwezi wa 10 unaweza kuipata ya siku hiyohiyo. Uliza kwenye simu ileile, na beba dumu lako, maana sio wote wana chupa za kukuwekea.