Sare imenikata pointi, kwa nini?

SWALI: Shikamoo kaka, niko Majengo hapa Moshi, nacheza chesi mtandaoni, reitingi yangu 1500, juzi nimetoka sare na mtu wa 1300 nikakatwa pointi na sijafungwa, ni haki kweli?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Ni haki kabisa, ile hesabu ya reitingi (pointi za kiwango cha mchezaji) aliyoibuni Arpad Elo inaangalia ulitegemewa upate nini, sasa ukimzidi mtu pointi 200 unategemewa uvune kama asilimia 76 ya mchezo (ushindi ni 100), sare inakupa 50 tu, kwa hiyo mechi ikiwa na uzito wa 20 (yaani pointi nyingi zaidi inazoweza kukupa au kukukata) unapoteza kama 5, ungefungwa zingeenda 15. Ila ukitoka sare na wa 1700 unapanda hizo hizo 5! Akaunti mpya zinaruka zaidi, mfano tovuti ya chesi ya Lichess wanatumia Glicko-2, hesabu nyingine ya reitingi, na mfumo unakuwa bado haujakujua vizuri, we cheza tu zitatulia.