Mbwa ana cheti cha kimataifa, tununue?

SWALI: Shikamoo mhariri. Mdogo wangu haoni toka apate ajali ya bodaboda, sasa kuna jamaa hapa Moshi anauza mbwa, anasema kafundishwa kuongoza wasioona, ana kikoti chekundu na cheti cha kimataifa chenye mhuri wa dhahabu na namba ya usajili kabisa. Anataka mil 2 na nusu, tumechanga tumefika nusu. Tumpe?
Dada mtu, Pasua

JIBU: Marahaba. Aisee dada, hiyo hela msiitoe kwanza. Hicho cheti ndo kinanitia wasiwasi kuliko mbwa mwenyewe, maana kwenye hii kazi ithibati inapewa shirika linalofundisha, sio mbwa. Kuna ADI, umoja wa kimataifa wa mashirika yanayofundisha mbwa wasaidizi, upo toka miaka ya 1980, na IGDF, shirikisho la kimataifa la mbwa waongozaji, toka 1989. Hawa wanatuma wakaguzi wakaangalie mabanda, rekodi za daktari wa mifugo, mbwa wanafundishwaje, na waliokwisha kupewa wanafuatiliwa au wametupwa, na ADI inarudia ukaguzi kila miaka 5. Vyeti vya jina la mbwa vinauzwa tu mtandaoni, hata Marekani wizara ya sheria ilishasema haivitambui kama uthibitisho. Kikoti nacho fundi yeyote anashona.

Halafu muulize, mdogo wako kafundishwa pamoja na huyo mbwa siku ngapi? Chuo cha kweli kinawaoanisha, mwendo wa mtu na mwendo wa mbwa, wanafunzwa pamoja wiki kadhaa. Sio unakabidhiwa kamba kama umenunua mbuzi.

Ukitaka kuona mwenyewe, mwambie amlete Mbuyuni siku soko limejaa, mdogo wako ndo ashike, jamaa akae pembeni kimya. Dondosheni kipande cha nyama chini, mbwa apite kama hajakiona (kwenye mtihani wa ADI chakula sakafuni kipo). Aangalie na juu pia, yale maturubai yanayoning'inia usawa wa paji la uso. Na mbwa mwongozaji akiambiwa twende huku gari linakuja, anagoma.

Asikwambie katoka Usa River, pale AWF, shirika la kuhifadhi wanyamapori, walikuwa wanafundisha mbwa wa kunusa pembe za ndovu, kazi nyingine kabisa.

Hiyo nusu mliyochanga mtafutieni fimbo nyeupe na mtu wa kumfundisha kutembea nayo, maana hata vyuo vyenyewe vya mbwa mara nyingi vinataka mtu aje anajua fimbo tayari.